Muulize Mwalimu: Maji yakichemka, kinachoachiana ni nini?

Mwezi huu barua zimejaa kweli, afu karibu zote zinaulizia kitu kimoja bila wenyewe kujua. Mmoja kaleta mambo ya mtihani, mama mmoja kaleta mtungi wa gesi, mwingine mafuta ya nazi, na kuna kijana wa Mombasa yeye shida yake ni mjusi. Nimeziweka pamoja kwa sababu majibu yake yanatoka chungu kimoja, yaani zile nguvu ndogo ndogo ambazo molekuli inavutana nazo na molekuli jirani. Barua nimezipunguza urefu tu, maneno ni yenu.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tano, nachukua PCB (fizikia, kemia na baiolojia), shule iko mkoa wa Kilimanjaro. Kwenye test tuliulizwa maji yakichemka kinavunjika nini, mimi nikaandika bondi za haidrojeni na oksijeni zinavunjika nikapewa sifuri. Rafiki yangu kaandika bondi za haidrojeni zinavunjika, kapata zote. Si ni kitu kile kile? Naona nimeonewa.

Marahaba mwanangu. Pole na sifuri ila hujaonewa. Nimefundisha kemia miaka mingi na hili kosa nimelikuta kwenye madaftari kila mwaka, wala sikulaumu sana maana jina lenyewe limekaa kimtego.

Anza ndani. Molekuli moja ya maji ni oksijeni moja na haidrojeni mbili zilizoshikana kwa kuchangia elektroni, hiyo ndo bondi ya kovalenti na ni ngumu hasa, kuikata inakula kama kilojuli 463 kwa moli (kilojuli ni kipimo cha nishati, moli ni fungu la kuhesabia atomu na molekuli). Ukiivunja hiyo hupati mvuke, unapata gesi ya haidrojeni na gesi ya oksijeni, na hizo mbili zikichanganyika afu zikakuta cheche zinalipuka. Ingekuwa maji yakichemka yanafanya hivyo basi kila sufuria ya ugali ingekuwa bomu na bibi zetu wasingefika uzeeni. Mvuke unaotoka kwenye birika ni maji yale yale, ndo maana ukigusa mfuniko wa baridi unarudi kuwa matone.

Sasa fikiria daladala la Gongo la Mboto saa moja asubuhi. Watu wamebanana bega kwa bega, mwingine kaegemea mgongo wa mwenzake, kutoka ni kwa kusukumana. Lakini wakifika kituoni kila mtu anashuka mzima na viungo vyake, hujawahi kuona mtu kashuka mkono ukabaki kwenye siti. Kuchemka ndo huko kushuka, molekuli zinaachana zenyewe kwa zenyewe ila kila moja inaondoka nzima. We uliandika kwamba abiria wanakatika mikono, mwenzio kaandika kwamba abiria wanaachana mabega, na msahihishaji alikuwa sahihi kuwatenganisha.

Hiyo "bondi ya haidrojeni" aliyoandika mwenzio inatokea hivi. Oksijeni ni mroho wa elektroni kuliko haidrojeni, kwa hiyo zile elektroni wanazochangia zinakaa zaidi upande wa oksijeni. Oksijeni inakuwa na uhasi kidogo, haidrojeni inabaki na uchanya kidogo, na kwa vile haidrojeni ina elektroni moja tu ya kujifunikia, ikivutwa hiyo inabaki karibu uchi. Haidrojeni ya molekuli hii ikisogelea oksijeni ya molekuli jirani zinavutana, na molekuli moja ya maji inaweza kushikana hivyo na majirani mpaka wanne. Nguvu ya mshiko mmoja ni kama kilojuli 20 kwa moli, linganisha na ile 463. Kwa hiyo kuitwa bondi kweli inaitwa, ila ipo nje ya molekuli, na kama ningekuwepo siku wanaipa jina ningelalamika.

Uone kwa hesabu. Gramu 18 za maji, yaani moli moja, sawa na vijiko vya chai vitatu na nusu hivi, ukizikausha zote ziwe mvuke zinakula karibu kilojuli 41. Ukitaka kuzivunja ndani kwa ndani mpaka ubaki na atomu tupu utahitaji karibu 926, maana kila molekuli ina bondi mbili za 463. Zaidi ya mara 20! Moto wa mkaa chini ya sufuria hauna ubavu huo.

Ila usije ukaona 20 ni kidogo ukaidharau. Chukua ndugu wa maji, yaani oksijeni ukaitoa ukaweka salfa, unapata ile gesi inayonuka mayai viza, H2S. Ni nzito karibu mara mbili ya maji lakini inachemka kwenye nyuzi -60 za Selsiasi. Salfa sio mroho wa elektroni kama oksijeni kwa hiyo hiyo mishiko karibu haipo. Maji nayo yangekosa mishiko hiyo yangekuwa gesi tangu huko chini kabisa, mto Rufiji usingekuwepo na sisi tusingekuwepo wa kuuliza maswali ya test. Mwambie rafiki yako kashinda kihalali, ila mwulize kama anajua kwa nini, maana wengine huwa wanabahatisha.

Habari za kazi mwalimu. Mimi ni mama lishe, Mbagala. Natumia mtungi wa gesi wa kilo 15. Siku nikiwa na oda nyingi nimewasha tangu alfajiri, mtungi unatoa jasho huku chini na unakuwa wa baridi kama umetoka kwenye friji. Kijana mmoja jirani kaniambia ndani wamejaza maji, eti nimepigwa. Nikiutikisa kweli nasikia kitu kinacheza kama maji. Nimwamini?

Kazi njema mama yangu, na hapana, usimwamini. Hicho kinachocheza ndani ndo gesi yenyewe uliyonunua. Jina la gesi ni la matumizi tu, humo ndani sehemu kubwa ni kimiminika, na kimiminika kikiisha ujue hata kupika kumeisha.

Hii barua nimeifurahia kuliko zote, niruhusu niende nayo taratibu.

Mtungi wako una vitu viwili vikubwa, propani na butani. Ni minyororo mifupi ya kaboni iliyozungukwa na haidrojeni, propani ina kaboni tatu, butani nne. Hazina upande chanya wala hasi wa maana kama maji, kwa hiyo mtu angetegemea zisivutane kabisa, na kweli mshiko wake ni dhaifu kuliko wa maji. Lakini upo. Elektroni huwa hazitulii, zinazunguka muda wote, na kwa kipande kidogo sana cha muda zinaweza kujikuta zimejazana upande mmoja wa molekuli. Papo hapo upande ule unakuwa hasi kidogo na wa pili chanya kidogo, molekuli jirani nayo inashtuka, elektroni zake zinasogezwa, na zinavutana. Sekunde haijafika hali imeshabadilika mara zisizohesabika, lakini ukijumlisha unakuta kuvutana kunashinda kusukumana. Aliyeeleza hilo kwa hesabu ni Fritz London, Mjerumani, mwaka 1930, na watoto wa shule wengi wanadhani nguvu za London zimeitwa jina la mji. Ni jina la mtu.

Kadiri molekuli inavyokuwa kubwa elektroni zinakuwa nyingi na sehemu ya kugusana inakuwa ndefu, kwa hiyo mshiko unakua. Angalia huu ukoo: methani yenye kaboni moja inachemka kwenye -162, ethani -89, propani -42, butani karibu na sifuri kabisa, pentani yenye kaboni tano 36, heksani 69. Endelea mbele unapita petroli, unapita mafuta ya taa, unapita dizeli, unaishia kwenye lami ya barabara ambayo jua la Mbagala linailainisha tu haliwezi kuigeuza mvuke. Ni ukoo ule ule wa kaboni na haidrojeni, kinachobadilika ni ukubwa na umbo, na wingi wa ile mishiko midogo.

Ndo maana wakachagua propani na butani kwa mtungi. Kwa joto la kawaida ni gesi, lakini mshiko wao unatosha kwamba ukizibana kwa presha isiyo ya kutisha zinasogeleana zinakamatana zinakuwa kimiminika, na kimiminika kinachukua nafasi ndogo zaidi ya mara 200 kuliko gesi yake. Ile gesi asilia ya Songo Songo inayokuja Dar kwa bomba ni methani kwa sehemu kubwa, na methani kwa joto la kwetu hata uibane vipi haigeuki kimiminika, mshiko wake ni mdogo mno, mpaka uipoze chini ya -82 kwanza. Kwa hiyo zile bajaji na magari yanayotumia gesi asilia yanabeba gesi iliyobanwa kwa presha kubwa sana, kama mara 200 ya hewa ya kawaida, na mtungi wake ni mnene mno. Wako wa kilo 15 ungepasuka mapema tu.

Haya, jasho. Ukifungua jiko gesi iliyo juu inatoka, presha inapungua kidogo, na kimiminika kilicho chini kinachemka kufidia. Humo ndani kunachemka bila moto! Kila molekuli inayotoka inabidi iachane na majirani, na kuachana kunahitaji nishati, sasa inaitoa wapi na mtungi haujawekwa motoni? Inaichukua kwenye kimiminika kilichobaki, na kwenye chuma cha mtungi, na kwenye hewa ya jikoni kwako. Ukipika kidogo chuma kinapata muda wa kurudisha joto, ukipika kwa oda ya msiba kinazidiwa kinapoa, na hewa ya Dar ilivyojaa unyevu inagandamana pale inakuwa matone. Na utaona jasho linaishia mahali fulani kama mstari. Ule mstari ni usawa wa kimiminika, chini yake bado kuna mali. Hiyo ndo geji yako ya bure.

Ukitaka uhakika zaidi weka kwenye mzani, uzito wa mtungi mtupu huwa umegongwa au kuandikwa kwenye chuma cha juu karibu na valvu, toa huo, kinachobaki ni gesi. Usitegemee nguvu ya moto kujua imebaki kiasi gani, kwa sababu presha inashikiliwa na kimiminika na inabaki karibu ile ile mpaka mwisho mwisho ndo inaanguka ghafla, kwa kawaida wali ukiwa nusu.

Na nakuomba mama, moto ukififia usiwashe kitu chini ya mtungi ili "uamke" na usiulaze chini. Nimeona watu wanafanya. Ukiulaza kimiminika ndo kinachotoka kwenye mpira, na kikishatoka nje kinatanuka zile mara 200. Ukisikia harufu funga valvu, usiguse swichi yoyote, fungua mlango maana hii gesi ni nzito kuliko hewa inatambaa chini sakafuni, dirisha la juu peke yake halisaidii sana.

Halafu hiyo harufu yenyewe, propani na butani hazina harufu, wanaweka kidogo kitu cha kuwastua watu, mara nyingi ethanethioli. Mwanafunzi wa kidato cha tano uliyeuliza hapo juu sikiliza na hii: ethanethioli ni sawa na ethanoli iliyotolewa oksijeni ikawekwa salfa, ni nzito zaidi lakini inachemka kwenye 35 wakati ethanoli ni 78. Stori ile ile ya mayai viza.

Mwalimu, mie mtu wa Tanga nimeolewa Arusha. Mafuta ya nazi ninayotumiwa na mama ikifika mwezi wa saba yanakuwa meupe yanaganda kama siagi, lakini ya alizeti yako vile vile. Mawifi wanasema mama anauziwa yaliyochanganywa na mafuta ya ng'ombe.

Mama yako hana kosa na muuzaji wake hana kosa. Mafuta ya nazi yanaganda kwenye nyuzi 24 au 25 hivi, na Tanga jikoni ni nadra kushuka hapo, Arusha mwezi wa saba ni kila asubuhi. Ningeshangaa kama yasingeganda.

Molekuli ya mafuta ina mikia mirefu ya kaboni na haidrojeni, yaani ndugu wa gesi ya mama lishe tu ila wamerefuka. Mikia ya nazi karibu yote imenyooka. Ushawahi kufunga mzigo wa fito za kujengea? Zinalala moja juu ya nyingine zinagusana urefu wote, mzigo unakaa imara. Sasa jaribu kufunga matawi ya mkorosho, kila moja limejipinda kivyake, katikati matundu matupu. Alizeti ndo mkorosho, mikia yake mingi imepinda sehemu moja au mbili, kwa hiyo hayagusani vizuri na ile mishiko midogo inakuwa michache, lazima upoze chini sana ya sifuri ndo yagande. Mafuta ya ng'ombe yana mikia mingi iliyonyooka tena mirefu kuliko ya nazi, hayo yanaganda hata Tanga. Kwa hiyo wifi akitaka ushahidi aende nayo Tanga mwezi wa kwanza, yakibaki yameganda mezani ndo tuongee. Kwa sasa weka chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, yatarudi.

Mwalimu kwa nini spiriti wanayopaka hospitali kabla ya sindano inapoza kuliko maji?

Inakauka haraka. Maji kwa gramu yanachukua joto zaidi kukauka, zaidi ya mara mbili, ila yanajivuta kwa sababu kila molekuli imeshikwa na majirani wengi. Ya spiriti imeshikwa na wachache, inaondoka mbio, na joto inalichukua kwenye ngozi yako ndani ya sekunde chache. Ndo unachosikia.

Vile vidonge vyeupe vya kuweka kabatini vinaisha vipi na havijayeyuka? Mke wangu ananishuku nachukua.

Nafthalini. Molekuli zake ni bapa, zimeshikana kwa nguvu za London peke yake, na zile za juu juu zinaachia moja moja zinaingia hewani moja kwa moja bila kupitia umajimaji. Harufu unayoisikia ukifungua kabati ndo kidonge chenyewe kinaondoka. Msomee hii, na msilale chumba kilichojaa harufu hiyo, sio nzuri hasa kwa mtoto mchanga, inaweza kumharibia chembe nyekundu za damu.

Assalaam aleikum mwalimu. Niko Mombasa, nyumba yetu ya zamani ina mijusi kafiri darini wanakimbia kichwa chini na hawaanguki. Baba anasema wana gundi, mimi nimemgusa mmoja hana gundi. Ana nini?

Waaleikum salaam. We kijana umefanya walichofanya watafiti, umegusa badala ya kubisha. Hana gundi. Hana pia vikombe vya kunyonya kama pweza. (Kwa nini anaitwa kafiri muulize baba, wazee wa pwani wana kisa chake na mie hapo siingii.)

Aliyechunguzwa sana ni binamu yake mkubwa wa Asia, toke, na jibu lilikuja kwa hatua mbili, mwaka 2000 na 2002, kundi la Kellar Autumn huko Marekani. Chini ya kidole chake kuna mistari, kwenye mistari kuna vinywele, karibu nusu milioni kwa kila mguu, na kila kinywele mwishoni kinachanika vincha mamia, kila kincha kina upana wa sehemu 0.2 ya maikromita (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Unywele wako ungeweza kutandika vincha kama hivyo mia kadhaa kwa upana. Vincha vidogo hivyo vinaweza kusogelea ukuta karibu mno, karibu kiasi kwamba molekuli za mjusi na molekuli za ukuta zinaanza kuvutana kwa zile zile nguvu za kwenye mtungi wa gesi.

Kiganja chako nacho kina molekuli, mbona hakishiki dari? Kwa sababu kiganja na ukuta vyote vina milima na mabonde, vinagusana kwenye vilele vichache tu, kwingine kote kuna pengo, na nguvu hizi zinakufa haraka sana umbali ukiongezeka. Ukizidisha pengo mara mbili kati ya molekuli mbili nishati ya mvutano haiwi nusu, inabaki sehemu moja ya 64. Mjusi yeye kila kincha kinajipinda kufuata bonde lake.

Baba yako angeweza kukuuliza, utajuaje sio unyevu wa ukutani unaomshika? Swali zuri, na ndo walilolimaliza 2002, walipima kwenye sehemu inayopenda maji na sehemu inayokataa maji, akashika kote karibu sawa. Unyevu ungekuwa ndo siri, kwenye inayokataa maji angeteleza.

Hesabu yao inasema vinywele vyote vya toke mmoja vikishika kwa pamoja barabara vingebeba karibu kilo 130, na mnyama mwenyewe hafiki hata robo tatu ya kilo. Shida sasa inakuwa kubanduka. Hapo anatumia pembe, ananyanyua kidole kuanzia kwenye ncha kama unavyobandua plasta, kinywele kikifika nyuzi 30 hivi kinaachia chenyewe. Anafanya hivyo kila hatua, na anakimbia.

Kuna sehemu inayomshinda, Teflon kavu, ile ya kwenye kikaango kisichoshika yai. Imezungukwa na florini, ambayo elektroni zake imezibana kweli kweli hazisogei ovyo, kwa hiyo hata mjusi anapata tabu kupata pa kushika. Usijaribu na kikaango cha mama.

Sasa mwalimu. Sisi huku Eldoret tulifundishwa hizi ni nguvu za Van der Waals. Huyu Van der Waals ni nani na alizijua aje kama hakuna aliyeziona?

Salama. Johannes Diderik van der Waals, Mholanzi, kazaliwa Leiden 1837, baba yake fundi seremala, yeye mkubwa wa watoto kumi. Alikuwa mwalimu wa shule, na kwa muda mrefu mlango wa mitihani ya chuo kikuu ulifungwa kwake kwa sababu hakusoma Kilatini na Kigiriki, mpaka sheria ikalegezwa. Udaktari wake kaupata 1873 akiwa na miaka 35, hapo tayari ni mwalimu wa sekondari. Mie kama mwalimu mstaafu hiki kipande huwa nakirudia darasani mpaka wananichoka.

Wakati ule hesabu ya gesi iliyofundishwa ilichukulia kwamba molekuli ni vinukta visivyo na ukubwa na havijuani. Yeye akasema tuzipe ukubwa, na tukubali zinavutana. Akaongeza namba mbili kwenye hesabu, moja ya ukubwa moja ya mvutano, na ghafla hesabu moja ikaeleza gesi na kimiminika kwa pamoja, na kwa nini gesi fulani hazigeuki kimiminika mpaka zipozwe kwanza, kama ile methani. Kwa hiyo hakuziona, alizikamata kwenye presha, kama unavyojua kuna mtu nyuma ya mlango kwa vile mlango haufunguki vizuri. Kaandika kwa Kiholanzi, lugha ya kwao, na James Clerk Maxwell mwenyewe aliandika kwamba kazi hiyo imewafanya watu kadhaa waanze kujifunza Kiholanzi. Nobeli ya fizikia akapata 1910. Chanzo cha mvutano chenyewe hakukijua, hicho kilisubiri mpaka yule Fritz London.

Mwalimu, naandika kutoka Doha. Nafanya kazi za usafi kwenye eneo la viwanda na nasikia Qatar inasafirisha heli ikiwa kimiminika, na huko kwetu Rukwa nako walitangaza 2016 kuna heli. Kwa nini watu wanahangaika hivi kuigeuza kimiminika, si wangeibana tu kwenye mtungi kama gesi ya kupikia?

Nakusalimu huko kwenye joto. Kuibana wanaibana, ile ya maputo inakuja hivyo, lakini kwa safari ndefu kimiminika kinabeba nyingi zaidi. Shida ni kwamba heli ndo mwisho wa ukoo kwa kutovutana. Atomu moja peke yake, elektroni mbili tu tena zimebanwa karibu kabisa na kiini, hazina pa kuyumbia. Hata ile mishiko midogo ya London kwake ni kama haipo. Kwa hiyo inachemka kwenye -269, nyuzi nne tu juu ya baridi ya mwisho inayowezekana duniani.

Ilikuwa gesi ya mwisho kukubali. Heike Kamerlingh Onnes aliipata ikiwa kimiminika tarehe 10 Julai 1908, mji ule ule wa Leiden, na hesabu aliyoifuata kujua apoze mpaka wapi ilitokana na kazi ya yule yule mtoto wa seremala. Akataka na kuigandisha pia, akapoza na kupoza, haikuganda. Hata leo kwa presha ya kawaida ya hewa hakuna baridi inayoigandisha, lazima uibane kama mara 25 ya presha hiyo kwanza.